Mwalimu wa Elimu Maalum Asome Nini?

Mtoto wa miaka mitatu asiyesema hudhaniwa hafundishiki. Temple Grandin wa Marekani, mwenye usonji, alikuwa mtoto kama huyo; leo ni profesa wa sayansi ya mifugo. Katika kitabu chake Thinking in Pictures cha mwaka wa 1995, anaeleza kwamba yeye hufikiri kwa picha. Mwalimu akikisoma atajua kwa nini kumwonyesha mtoto kikombe huku akikitaja kunaweza kufaa kuliko maelezo marefu.

Walimu pia wasome Kifungu cha 54 cha Katiba, kinacholinda haki ya watu wenye ulemavu kupata elimu na kutumia lugha ya ishara au breli, pamoja na sera ya Wizara ya Elimu ya 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu, inayosisitiza elimu jumuishi. Anayejua haki hizi hatamrudisha mtoto nyumbani.

Mzazi, usimfiche mwanao. Ukiona anachelewa kusema au kuelewa, zungumza na mwalimu wa chekechea na umpeleke mtoto katika kituo cha tathmini ya elimu (EARC) kilicho karibu nawe.