Sanduku la Siku ya Wajinga

Mpwa wangu ana miaka kumi na miwili. Jumamosi mchana, akishamaliza kumwagilia nyanya, huja kuazima simu yangu. Hapa Mlali, Morogoro, mtandao si wa kujivunia, lakini yeye hauhitaji sana, kwani anajenga tu. Juzi nilimkuta amechonga mlima mzima akaukata ngazi ngazi hadi kileleni, kama makonde ya Mgeta. Nilimtania kwamba wazee wetu wa Uluguru walimgomea mkoloni mwaka 1955 kwa kulazimishwa kukata matuta, na sasa yeye anayakata kwa hiari yake. Hakucheka. Alikuwa na shida nyingine.

“Mjomba, naomba elfu tano ninunue sarafu.”

Akanionyesha duka lililomo ndani ya gemu. Hapo nikacheka mwenyewe, maana gemu hilo, Minecraft, liliwahi kuwa na duka la mzaha.

Kwa asiyelijua: ni dunia iliyojengwa kwa matofali, haina mshindi wala mwisho. Unachimba, unajenga, unabomoa. Alilianzisha Msweden, Markus Persson, mwaka 2009, na hadi 2023 nakala zaidi ya milioni 300 zilikuwa zimeuzwa. Mwanzoni hata halikuwa limekamilika, lakini watu walinunua hivyo hivyo.

Tarehe 31 Machi 2011, kampuni yake, Mojang, ilitoa toleo la majaribio liitwalo Beta 1.4. Kesho yake, Siku ya Wajinga, wachezaji wakaanza kukuta masanduku ambayo hawakuyaweka wao. Ukiligusa sanduku, linakuambia kwamba limefungwa, na ufunguo wake unauzwa dukani. Ukikubali, unapelekwa kwenye duka la uongo lililojaa bidhaa za kejeli. Sanduku lenyewe liliandikwa jina la kampuni ya kubuni, Steve Co. Steve ndiye yule mtu wa matofali ambaye kila mchezaji alianza naye enzi hizo.

Kijembe kilikuwa na mlengwa. Miezi sita kabla, Septemba 2010, kampuni ya Valve ya Marekani ilikuwa imefungua biashara ndani ya gemu lake la vita, Team Fortress 2. Mchezaji aliokota kreti ya Mann Co. bila malipo, lakini ufunguo wa kuifungua uliuzwa dola 2.49, naye hakujua atatoka na nini. Sisi tunaijua biashara hiyo. Mjini Morogoro ukishuka kwenye basi unaweza kukutana na wale vijana wa karata tatu, na jina la mchezo wao linajieleza: pata potea. Hata tenga la nyanya lina tabia hiyo. Juu zimepangwa nyekundu zinazong’aa, chini umefichiwa za kijani. Tofauti ni kwamba mwenye tenga kesho utamkuta gulioni na mtasemezana.

Mzaha wa Mojang niuite utani, na utani Waluguru wanaujua. Mwanaanthropolojia Mmarekani, James Christensen, aliuandikia makala nzima mwaka 1963. Mtani anafika msibani, anamwigiza marehemu, anakamata jembe au kuku na kudai akombolewe kwa hela ndipo aachie, na wafiwa hawaruhusiwi kununa. Lakini ana kazi pale, kwani anasaidia mazishi na kuwatoa watu machozi ya kucheka. Kazi ikiisha, anakwenda kwake.

Sanduku halikwenda kwake. Yale yaliyokuwa ardhini yalitegwa yayeyuke yenyewe, lakini kitu chenyewe kilibaki ndani ya programu na namba yake, 95. Aliyejua njia za panya aliweza kukiita kwa namba hiyo. Sanduku halifunguki, halina mali ndani, na ajabu yake ni kwamba linatoa mwanga wa kiwango cha 15, cha juu kabisa katika gemu zima. Mtani alilala msibani miaka miwili na nusu, tena amewasha karabai.

Aliondolewa Oktoba 2013, na wala si kwa kuchokwa. Watengenezaji walitaka kuleta vioo vya rangi katika toleo la 1.7.2, nao walihitaji namba. Namba 95 ilikuwa imekaliwa na sanduku lisilofanya kazi, basi likahamishwa kama mpangaji asiyelipa kodi.

Mojang hao hao walikuwa na mtindo mwingine wa kuondoa vitu. Tangu Mei 2011 orodha za mabadiliko ziliendelea kutangaza kwamba Herobrine ameondolewa. Huyo ni mzimu wa hadithi za wachezaji, na hakuwahi kuwemo kwenye gemu hata siku moja. Asiyekuwemo alifutwa kwa matangazo. Sanduku, lililokuwemo kweli, lilitoka kimya kimya.

Mwaka 2014 Microsoft iliinunua Mojang kwa dola bilioni 2.5. Mwaka 2017 likafunguliwa duka la kweli, lenye sarafu zake, lile lililomfanya mpwa wangu aniite Mjomba kwa sauti ya upole kiasi kile. Nisiwasingizie: duka hili si pata potea, kwa sababu unaona unachonunua na bei yake. Lakini sarafu inauzwa kwa fungu, bidhaa ina bei ya kwake, na chenji inabaki humo humo. Walioendelea kuuza visivyoonekana walikutana na sheria. Aprili 2018, tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba masanduku ya magemu kadhaa ni kamari.

Kwangu mimi, lile la 2011 ndilo sanduku la haki kuliko yote yaliyofuata. Lilisema wazi kwamba limefungwa, na halikumla mtu hata senti.

Mpwa wangu nilimpa elfu mbili ya bando, sarafu nikamwambia zisubiri nyanya zikiuzwa. Ile namba 95 nayo haipo tena: Julai 2018, katika toleo la 1.13 la kompyuta, namba zote za matofali zilifutwa na kila kitu kikaanza kuitwa kwa jina lake.