Kuvu la Mapafu (4): Kutoka Makohozi ya Livingstone Hadi Kipimo cha Damu

Aprili 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti zake za kwanza kuhusu uhaba wa vipimo na dawa za magonjwa ya kuvu. Nilipozisoma, akilini alinijia mgonjwa wa mapafu aliyefika kwetu Kabambare, mashariki mwa Kongo, zamani: David Livingstone.

Januari 1869, akielekea Ziwa Tanganyika, alishikwa na nimonia. Aliandika kwamba pafu la kulia ndilo lililougua, anakohoa usiku na mchana, makohozi yana rangi ya kutu na damu. Mfanyabiashara Mohamed bin Gharib aliamuru abebwe, akampa dawa, na mwezi Machi Livingstone akafika Ujiji. Vitabu vingi humsifu Mskoti na kumpita haraka aliyemwokoa, si haki. Septemba mwaka huohuo Livingstone alikuwa Bambarre, ndiyo Kabambare yetu, na mwaka uliofuata vidonda vya miguu vikamlaza hapo siku 80. Alikuwa daktari, lakini pafu lake alilipima kwa kutazama makohozi tu. Mwanasayansi Mjerumani Robert Koch alikuwa bado hajatangaza kijidudu cha kifua kikuu. Hilo lilikuja 1882.

Sisi hatuna udhuru huo. Mchimba dhahabu wa kwetu Salamabila akimaliza miezi 6 ya dawa za kifua kikuu, vijidudu vikatoweka, naye akaendelea kukonda na kutema damu, kumrudishia vidonge vilevile bila kumpima ni dhuluma. Katika shimo lililoachwa na kifua kikuu pafuni huenda kuvu la asperijilasi limeshajenga. Huko Gulu, Uganda, watafiti walipima watu 398 waliotibiwa kifua kikuu: kati ya 285 waliopimwa tena baada ya miaka miwili, asilimia 4.9 walikuwa na ugonjwa sugu wa kuvu hili.

Kipimo cha damu hutafuta kingamwili za IgG dhidi ya kuvu hilo. Kipo cha ukanda: tone la seramu, kusubiri nusu saa, basi. Kasongo, katika mkoa wetu, ambako mradi wa afya ya msingi wa miaka ya 1970 ulisomwa na madaktari wa nchi nyingi, inastahili kukipata.

Ukanda peke yake hautoshi. Lazima picha ya kifua, na mwenye UKIMWI anaweza kuwa na kingamwili haba. Dawa ni itrakonazoli, miezi 6 au zaidi. Nayo rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, huimaliza nguvu itrakonazoli mwilini, kwa hiyo anayerudishiwa vidonge vya kifua kikuu kwa kubahatisha anafungiwa pia mlango wa tiba anayoihitaji.