Je, Paka Apewe Mafuta ya Jikoni?

Leo tunamzungumzia mlinzi wa unga na mahindi yako dhidi ya panya, yaani paka.

Hapa Kiuu, jioni ukipita sokoni Githurai utasikia harufu ya samaki wa kukaanga, mutura na chipsi. Tukishakula nyumbani, mabaki huenda kwa paka: ngozi ya kuku, mafuta ya nyama, mchuzi uliobaki. Je, ni salama?

Mafuta yenyewe si sumu kwa paka. Kwa maumbile yeye ni mla nyama, na tumbo lake huyeyusha mafuta ya nyama vizuri. Shida ni kiasi, pamoja na vitu vinavyoandamana na mafuta hayo.

Tuanze na kiasi. Paka wa kilo 4 huhitaji takriban kalori 200 hadi 250 kwa siku. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi. Kwa hivyo kijiko kimoja ni nusu ya chakula chake cha kutwa, bila protini na bila taurini, kirutubisho cha nyama na samaki kinacholinda moyo na macho yake. Paka hunenepa huku mwili ukikosa lishe. Paka mnene hupata kisukari kwa urahisi. Tena akikaa siku mbili au tatu bila kula, mafuta ya mwili hujaa kwenye ini, na anaweza kufa.

Pili, vinavyoandamana na mafuta. Kitunguu maji na kitunguu saumu, hata vikipikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Kwa hivyo mchuzi wetu haumfai. Mifupa iliyopikwa huvunjika ikawa na ncha kali. Maziwa nayo huwaharisha paka wengi wakubwa.

Wako wanaomnywesha paka mafuta au maziwa kwa nguvu akila sumu ya panya. Usifanye hivyo! Mafuta yanaweza kuingia mapafuni, na hayaondoi sumu. Mkimbize kwa daktari wa mifugo, na ubebe pakiti ya sumu hiyo.

Sasa umlishe nini? Chemsha nyama, matumbo au samaki bila chumvi wala kitunguu, kisha utoe mifupa. Ukichanganya na ugali, nyama iwe ndiyo nyingi. Kipande cha mafuta kisizidi ukucha wa kidole gumba. Maji safi yawepo kila wakati.

Usimpe nyama mbichi. Paka anaweza kupata vimelea vya toksoplasma na kuvitoa kwenye kinyesi chake, navyo vinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mama mjamzito asisafishe kinyesi cha paka. Mwingine nyumbani amfanyie kazi hiyo kila siku, kisha anawe mikono kwa sabuni.

Mwisho, msikilizaji, paka wako akikataa chakula kutwa nzima, usiseme ameshiba. Mpeleke kwa daktari wa mifugo mapema.