Majedwali au grafu? Mwenzenu ilinitokea puani

Vijana wanaojifunza kutengeneza programu wananiuliza sana: mkuu, data niiweke kwenye hifadhidata ya majedwali au ya grafu? Ngoja niwasimulie yaliyonikuta, maana mwenzenu nilichagua kwa kufuata fasheni.

Nilikuwa natengeneza mfumo wa kikundi cha kuweka na kukopa pale mtaani. Kila anayekopa anadhaminiwa na wanachama wawili. Nikajisemea, mtu kumdhamini mtu, si ndiyo grafu yenyewe hiyo! Nikapakia kila kitu kwenye Neo4j: wanachama, michango, marejesho, mpaka faini. Siku ya mkutano mweka hazina anataka jumla ya michango, mfumo unatoa kosa. Kumbe michango mingine iliingia kama namba, mingine kama maandishi, "5,000" na koma yake, na grafu ilikuwa inapokea tu bila kulalamika. Jedwali ambalo nimeliambia safu hii ni ya namba lingekataa tangu mwanzo. Hela za watu zile, jamani, nilitoka jasho.

Halafu kuna jina linalochanganya. Majedwali haya tunayaita hifadhidata za mahusiano, basi mtu anadhani ndizo za kufuatilia nani kahusiana na nani. Hapana. Edgar Codd wa IBM, aliyeandika wazo hilo mwaka 1970, alilichukua neno kutoka hisabati, na huko uhusiano ni lile jedwali lenyewe.

Sasa grafu inafaa wapi? Chukua wadhamini walewale. Juma kamdhamini Asha, Asha kamdhamini Peter, Peter kamdhamini Juma. Yaani hakuna dhamana hapo! Kwenye majedwali, kila hatua ya kufuata mnyororo huo ni JOIN nyingine, jedwali linajiunga na lenyewe, na inabidi ujue mapema utakwenda hatua ngapi. Kwenye grafu kila mtu anatunzwa pamoja na viungo vyake, hivyo mashine inaruka toka kwa huyu kwenda kwa yule moja kwa moja. Ndiyo maana waandishi wa ICIJ walitumia Neo4j kwenye Panama Papers zilizotoka mwaka 2016. Nyaraka milioni 11.5, na swali lao kubwa lilikuwa: huyu mtu kajificha nyuma ya kampuni ipi, ambayo ipo nyuma ya kampuni ipi? Kwa swali la namna hiyo majedwali yanakuchosha.

Lakini msikimbilie. Facebook, yenye mtandao wa marafiki mkubwa kuliko tunavyoweza kufikiria, wahandisi wake walieleza mwaka 2013 kwamba mfumo wao unaoitwa TAO unatunza watu na viungo vyao ndani ya MySQL, kwa juu wameweka tabaka la kumbukumbu ya haraka. Majedwali yaleyale bwana!

Ninachofanya siku hizi, kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu, nachukua karatasi naandika maswali kumi ambayo watumiaji watauliza. Yakiwa mengi ni ngapi, lini, jumla gani, naenda kwenye majedwali. Yakiwa mengi ni kupitia kwa nani, basi grafu.

Kwa kile kikundi maswali tisa yalikuwa ya hela. Nikarudi MySQL. Lile moja la wadhamini nalifanya kwa WITH RECURSIVE, ambayo MySQL imekuwa nayo tangu toleo la 8.0 la mwaka 2018. Ila weka kikomo cha hatua, maana ikikutana na mduara inaweza kuzunguka weee mpaka ikatwe kwenye 1000. Mara ya kwanza kuiendesha ilinitolea mduara wa watu wanne, wote wana mikopo, na mmoja wao ni mjumbe wa kamati ya mikopo. Mkutano uliofuata haukuwa wa kawaida!