Mshono na pasi: Siri ya kitandiko cha viraka kisichorudishwa na mteja

Na Mwandishi Wetu

MABAKI ya vitenge yanayofagiliwa kila jioni katika vibanda vya mafundi cherehani ni mtaji. Yakikatwa na kuunganishwa vizuri, hutoa vitandiko, foronya na mikoba yenye soko.

Lakini wengi wanaojaribu kazi hii hukata tamaa mapema. Kitandiko kikikamilika kinakuwa kidogo kuliko oda, pembe za vipande hazikutani na kitambaa kinajikunja katikati. Mteja anashusha bei au anakataa mzigo. Mara nyingi chanzo ni upana wa mshono na upigaji pasi.

Hesabu ya mshono

Tuchukue mfano wa fundi aliyekata vipande vya inchi 4 kwa 4. Mshono wa robo inchi hula kila upande, hivyo kipande hubaki inchi 3 na nusu. Vipande 24 kwa upana vitatoa inchi 84, zinazofunika kitanda cha futi 6 na kuning'inia inchi 6 kila upande.

Mshono ukizidi kwa milimita moja na nusu tu, kila kiungo kinapoteza milimita 3. Viungo viko 23, hivyo zinapotea sentimita 7 hivi, yaani karibu inchi 3. Kikundi kinachogawana kazi hupata tabu zaidi, kwani kila mshonaji huwa na upana wake na safu hazilingani.

Dawa yake ni kujipima kabla ya kuanza. Kata vipande vitatu vyenye upana wa inchi 1 na nusu, viunganishe na uvipige pasi. Cha katikati kinapaswa kuwa na upana wa inchi 1 kamili. Kikipungua, punguza mshono kwa unene wa uzi mmoja au miwili, kwa sababu kitambaa kinapokunjwa kwenye mshono nacho hula nafasi. Ukipata kipimo, bandika utepe kwenye bamba la cherehani uwe alama ya kufuata.

Pasi hukandamizwa, haisukumwi

Kitenge kipya kifuliwe kwanza, kwani kinaweza kusinyaa au kuchuja rangi. Ukishashona, kandamiza pasi juu ya mshono ukiwa bado umefungwa ili uzi utulie. Kisha fungua kipande na kandamiza tena upande wa juu, kusibaki mkunjo pembeni mwa mshono. Mkunjo huo hupunguza kipimo.

Nyanyua pasi na uishushe mahali pengine. Kuiburuza kama unanyoosha shati huvuta kitambaa, hasa kilichokatwa mshazari, na mraba hupinda. Anayetumia pasi ya mkaa apanguse kitako chake kila mara, maana jivu huacha madoa.

Mishono ya safu ya kwanza ilazwe kulia, ya safu ya pili kushoto. Safu mbili zikikutana, mishono hushikana na pembe hulingana bila kutumia pini nyingi.

Mwisho, pima kila safu kwa rula kabla ya kuiunganisha na nyingine. Kufumua mshono mmoja ni kazi ya dakika chache. Kufumua kitandiko kizima ni hasara ya siku, uzi na mteja.