Mizani ya Mkono wa Kijana

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Julai, klabu 30 za ligi kuu ya besiboli ya Marekani hugawana vijana. Kwa zamu, zikitangulizwa zile zilizofanya vibaya katika msimu uliopita, ingawa tangu mwaka 2023 nafasi sita za mwanzo hupigiwa kura ya bahati, kila klabu hutaja jina moja, na kijana aliyekwisha kutajwa hana ruhusa ya kufanya mkataba na klabu nyingine ila ile iliyomtaja. Naye akikataa masharti ya klabu hiyo, hana budi kwenda chuoni au kungoja uteuzi mwingine. Zamu hizo huzunguka mara 20, hata majina mia sita na ushei yakawa yamekwisha kusomwa. Desturi hii ilianza mwaka 1965, na jina la kwanza kutajwa lilikuwa la Rick Monday wa chuo kikuu cha Arizona State, aliyechukuliwa na klabu ya Kansas City Athletics.

Katika wote wanaotajwa, hakuna aliye mgumu kupimwa kama mrushaji. Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, mrushaji ni yule asimamaye juu ya kichuguu kidogo katikati ya uwanja, akaurusha mpira kumwelekea mpigaji mwenye gongo, kutoka umbali wa mita 18.44, na kazi yake ni kumfanya mpigaji huyo akose, au apige vibaya, au asimame ameduwaa huku mpira halali ukimpita. Mpira urushwao kwa kasi ya kilomita 153 kwa saa humfikia mpigaji katika muda wa takriban sekunde 0.4, na muda huo ndio wote alio nao wa kuona, kuamua na kulizungusha gongo. Lakini mkono urushao mpira huo ni wa kijana wa miaka 18 aliyemaliza sekondari juzi, au wa miaka 21 aliye chuo kikuu, ilhali klabu haimtaki kwa kazi ya leo. Inamtaka kwa kazi ya miaka mitatu, minne au mitano ijayo, baada ya kumpitisha katika ligi ndogo za mafunzo. Hali ya klabu ni hali ya mchuuzi anunuaye maembe yangali maua mtini: bei hulipwa sasa, na mavuno yako mikononi mwa mvua, upepo na Mwenyezi Mungu.

Wanaotumwa kuwapima vijana hawa huitwa maskauti. Kila mmoja hupewa majimbo yake, akashinda barabarani toka mwisho wa baridi hadi kiangazi, akiketi nyuma ya wavu ulio mgongoni mwa mdakaji aupokeaye mpira, daftari pajani. Alama wanazotoa huanzia 20 na kukoma 80, na asili ya hesabu hiyo hunasibishwa na Branch Rickey, kiongozi aliyemwingiza mchezaji Mmarekani mweusi Jackie Robinson katika klabu ya Brooklyn Dodgers. Hamsini ni wastani wa mchezaji wa ligi kuu, wala si wa shule. Sitini ni sifa. Themanini ni jambo adimu ambalo skauti anaweza kustaafu akiwa ameliandika mara chache tu. Na kila sifa hupewa alama mbili, moja ya hali ilivyo leo, na ya pili ya hali itakavyokuwa kijana akisha kukomaa. Alama ya kwanza yaweza kuandikwa na yeyote mwenye macho na subira. Alama ya pili ni ubashiri, na kwa hiyo ndiyo iliyobeba fedha.

Sifa ya kwanza kupimwa ni kasi. Zamani ilikadiriwa kwa jicho na kwa sauti ya mpira ukitua katika glovu ya mdakaji, mpaka miaka ya sabini, Danny Litwhiler, kocha wa chuo kikuu cha Michigan State, alipochukua rada ambayo polisi waliitumia kunasa magari yaendayo mbio, akashirikiana na watengenezaji kuigeuza iwe chombo cha kupimia mpira. Tangu hapo, mrushaji hodari apandapo kichuguuni, rada huinuliwa nyuma ya wavu kwa pamoja kama askari wapigao saluti. Sifa ya pili ni namna mpira unavyosafiri: uko wa kasi unaonyooka, uko wa kupinda unaoporomoka ghafula, iko slaida inayokwepa pembeni mwishoni mwa safari yake, na uko wa hadaa, urushwao kwa mwendo ule ule wa mkono lakini ukaja polepole, hata mpigaji akawa amekwisha kupiga hewa kabla haujafika. Sifa ya tatu ni utiifu wa mpira, yaani uwezo wa kuupeleka pale mrushaji alipokusudia. Na hii, kwa ushuhuda wa wengi, ndiyo inayochelewa kukomaa kuliko zote.

Skauti mwenye uzoefu haridhiki na tarakimu za rada. Wakati kijana anapopasha misuli moto, yeye huhamia pembeni ya uwanja, aone mguu wa mbele unapotua na mkono uko wapi katika nukta hiyo. Maana mkono uliochelewa nyuma hulazimika kukimbizana na kiwiliwili, na mzigo wa mbio hizo huangukia begani na kwenye kiwiko. Hutazama kama mpira wa kupinda unatoka katika urefu ule ule utokao mpira wa kasi, kwa kuwa tofauti ya vidole vichache humnong'oneza mpigaji siri yote. Hungoja kipindi cha tano, pumzi zikiwa zimepungua na adui akikaribia kupata pointi, aone kama kasi imeshuka na kama uso umebadilika. Siku hizi ana msaidizi asiyechoka: mtambo wa TrackMan, uliobuniwa Denmark na kuanza kujulikana katika gofu, huhesabu mizunguko ya mpira kwa dakika, urefu mkono unapouachilia, na kiasi ulichopinda njiani. Mtambo huo umefichua lililokuwa likihisiwa tu, kwamba mipira miwili ya kasi moja yaweza kutofautiana sana, kwa sababu ule uzungukao kinyumenyume kwa nguvu huanguka kidogo kuliko jicho la mpigaji linavyotarajia, naye akapiga chini yake.

Kwa vyombo vyote hivi mtu angedhani makosa yamekwisha. Atakaye kujua jinsi mizani inavyodanganya na asome orodha ya mwaka 2006. Klabu ya Kansas City Royals, iliyokuwa na haki ya kutaja kwanza, ilimchukua mrushaji Luke Hochevar. Colorado Rockies wakamchukua Greg Reynolds wa chuo kikuu cha Stanford, kijana mwenye kimo cha mita 2 hivi. Na kabla ya nafasi ya saba warushaji wengine watatu, Brad Lincoln, Brandon Morrow na Andrew Miller, walikuwa wamekwisha kupata klabu. Katika nafasi ya saba Los Angeles Dodgers wakamtaja Clayton Kershaw, mwanafunzi wa sekondari kutoka Dallas. Katika ya kumi San Francisco Giants wakamtaja Tim Lincecum. Katika ya kumi na moja Arizona Diamondbacks wakamtaja Max Scherzer. Watatu hao wa mwisho walikuja kutwaa tuzo nane za Cy Young, itolewayo kila mwaka kwa mrushaji bora wa kila mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu: Kershaw tatu, Scherzer tatu, Lincecum mbili. Wale watano waliowatangulia hawakupata hata moja.

Haikuwa kwamba watatu hawa walifichika. Kershaw, msimu ule ule, alikwisha kuwatoa wapigaji wote 15 wa timu pinzani katika mchezo wa vipindi vitano, pasipo hata mmoja kuugusa mpira ukamfaa. Lakini walikuwa wapigaji wa sekondari, na skauti mwadilifu hana budi kuuliza ushindi juu ya watoto una uzito gani. Lincecum alikuwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani mwaka ule. Lakini kimo chake kilikuwa cha mita 1.80 tu, mwili mwembamba, na mwendo wake wa kurusha, aliofundishwa na baba yake, ulimfanya ajinyooshe na kujipinda kwa namna isiyofanana na ya mrushaji mwingine yeyote. Scherzer alikuwa na kasi ya kutisha, lakini kichwa na mkono vilitikisika kwa fujo hata wengi wakakata shauri kwamba hatafaa ila kwa vipindi vifupi vya mwisho wa mchezo.

Kosa la maskauti lilikuwa katika kutafsiri walichokiona: kila kijana alilinganishwa na sura ya warushaji waliofaulu zamani, warefu, wapana wa mabega, wa mwendo laini, na aliyepungukiwa na sura hiyo akakatwa alama kana kwamba kufanana ni ushahidi. Hata hivyo insafu inadai tuseme la upande wa pili. Waliomwonea shaka Lincecum hawakuwa wapumbavu kabisa, kwani utukufu wake uliwaka kwa miaka michache, na mwaka 2016 ulikuwa wa mwisho kwake katika ligi kuu. Wala Kershaw hakusomeka kikamilifu mwaka 2006, maana slaida, silaha iliyowaangamiza wapigaji wengi, aliiongeza mwaka 2009, akiwa tayari yuko ligi kuu. Hakuna ripoti ambayo ingeweza kuandika mpira ambao mwenyewe hajaujua.

Hatari huzidi kwa vijana wa sekondari. Katika historia yote ya uteuzi huu, warushaji watatu tu waliotoka sekondari wametajwa wa kwanza, wote watatu wa mkono wa kushoto, na hakuna hata mmoja aliyetimiza ahadi. David Clyde, mwaka 1973, alipandishwa kichuguu cha Texas Rangers akiwa na miaka 18, majuma machache baada ya kuacha darasa, mbele ya watu zaidi ya 35,000. Alishinda siku ile, lakini kazi yake yote ya ligi kuu iliishia kwenye michezo 18 aliyoshinda na 33 aliyoshindwa. Brien Taylor, mwaka 1991, alipewa na New York Yankees dola milioni 1.55, akaumia bega katika ugomvi mwaka 1993, wala hakufika ligi kuu. Brady Aiken, mwaka 2014, alichaguliwa na Houston Astros. Madaktari wa klabu walipokagua picha za kiwiko chake wakaingiwa na wasiwasi juu ya kano, dau likapunguzwa, kijana akakataa kusaini. Mwaka uliofuata alifanyiwa upasuaji, na ingawa klabu ya Cleveland ilimchukua, ligi kuu hakuiona. Houston, kwa fidia ya kumkosa, walipewa nafasi ya pili ya mwaka 2015, wakamtaja Alex Bregman, aliyekuja kuwa nguzo ya klabu.

Kano hiyo ni uzi wa upande wa ndani wa kiwiko, nao hukazwa karibu na kukatika kila mpira wa kasi unaporushwa. Hadi mwaka 1974 kukatika kwake kulikuwa ni kuiaga kazi, mpaka daktari Frank Jobe alipotoa kano katika kigasha cha mkono mwingine akaipandikiza katika kiwiko cha mrushaji Tommy John, ambaye jina lake ndilo upasuaji huo unalobeba mpaka leo. Ndiyo sababu klabu hudai picha za kiwiko kabla ya wino kukauka, na ndiyo sababu mwaka 2014 wakuu wa mchezo walitoa mwongozo unaowawekea vijana ukomo wa mipira kwa siku, usiozidi 105 kwa wenye miaka 17 na 18.

Tena kila dau lina mpaka wake. Tangu mwaka 2012 kila klabu hupimiwa fungu la fedha za usajili, na ikivuka fungu hilo kwa zaidi ya sehemu tano katika mia hunyang'anywa nafasi yake ya kwanza ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo aliyeweka fedha nyingi kwa mkono mmoja hubaki na kidogo kwa mingine. Yapo madau yaliyolipa: Paul Skenes, aliyetajwa wa kwanza na Pittsburgh Pirates mwaka 2023 na kulipwa dola milioni 9.2, alitwaa tuzo ya Cy Young mwaka 2025. Lakini Jacob deGrom, aliyeitwaa mara mbili, mwaka 2010 alikuwa jina la 272, kijana aliyecheza chuoni kama mlinzi na kuanza kurusha mwishoni tu.

Afrika nayo haimo katika mizani hii ila kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa uteuzi huwahusu wakazi wa Marekani, Kanada na Puerto Rico tu. Tayler Scott, mzaliwa wa Johannesburg, aliupitia mwaka 2011 kwa sababu alisoma sekondari Arizona, na mwaka 2019 akawa mrushaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika Kusini kufika ligi kuu. Watoto kama wale wa Lugazi, Uganda, ambao mwaka 2012 waliunda timu ya kwanza ya Kiafrika kucheza fainali za dunia za Little League huko Pennsylvania, hawamo katika orodha ya Julai hata wakirusha kwa kasi gani. Klabu iwatakayo huwasajili moja kwa moja, ikiwa imewaona.

Basi ripoti njema ni ile itenganishayo alichokiona skauti na anachokitumaini, kila kimoja kikaandikwa mahali pake bila kuazimana maneno; na klabu iisomayo ripoti ya namna hiyo hujua, kabla ya kutia saini, ni dola ngapi inazolipia mkono na ni ngapi inazolipia matumaini.