London ya kwenye gemu: kila mtu anaweza kuwa shujaa, lakini nani anamjua?

LONDON – Kila majira ya joto jamaa zetu wa Muscat, Dubai na Doha wakishuka London, Edgware Road inageuka mtaa wa nyumbani. Harufu ya nyama ya kuchoma, vikombe vya kahawa, watoto hawalali mpaka saa sita za usiku. Lakini usiku mmoja wa ziara kama hizo, vijana wetu walikataa kutoka. London iko nje ya dirisha, wao wamekaa ndani wanaizunguka London nyengine kwenye televisheni.

Gemu lenyewe ni Watch Dogs: Legion, la kampuni ya Ufaransa iitwayo Ubisoft, lililotengenezwa na studio yake ya Toronto na kutoka Oktoba 2020. Linaonesha London ya siku za mbele, ambako ulinzi wa mji umeachiwa kampuni binafsi yenye askari na ndege zisizo na rubani. Mchezaji anakusanya wakaazi wa kawaida wapambane nayo. Ni katika yale magemu ya "ulimwengu wazi": hupangiwi njia moja, unapewa mji mzima, nenda utakako.

Basi hapo ndipo ubishi ulipoanza, baina ya binamu wawili. Mmoja amezaliwa London, ana miaka 20. Wa pili ametoka Muscat, ana 19.

Gemu lisilo na shujaa

Magemu mengi ya aina hii yana mhusika mmoja mkuu. Hili halina. Karibu kila mpita njia ana jina, kazi na shughuli zake za kutwa, na unaweza kumsajili: nesi, mjenzi, mwanasheria, hata bikizee. Wengine wana jamaa zao ndani ya mji. Ukimuumiza mmoja, ndugu yake anakuchukia. Na ukichagua kanuni kali, mtu wako akifa ndo basi, harudi tena.

Kijana wa Muscat analipenda hilo. "Kwenye magemu mengine mimi kila siku ni Mmarekani mwizi wa magari," alisema. "Humu natembea barabarani, nakutana na mtu ana jina kama letu, namchukua nacheza naye. Lini tulipata hivyo?"

Yule wa London hakubali. "Jina tu! Hana maneno yake."

Naye ana hoja, kwani wachambuzi wengi walilalamika vivyo hivyo gemu lilipotoka. Watu hao wameundwa na kompyuta kwa kuchanganya vipande: sura hii, sauti ile, kazi ile. Hadithi ni moja na lazima isimuliwe na yeyote utakayemchagua, kwa hiyo mazungumzo yameandikwa yaweze kutoka kinywani mwa mtu yeyote. Matokeo yake ni wanaharakati wengi wanaosema kwa mtindo ule ule, na mara nyengine sauti haiendani kabisa na uso.

Bibi yao, mzaliwa wa Mji Mkongwe, alikuwa akipita na birika la chai. Akasimama, akamtazama bikizee wa kwenye gemu anavyopigana na askari. "Huyu naye! Watoto wake wako wapi wanamwachia hivi?"

Tulicheka sana. Lakini swali la bibi lilikuwa zito kuliko hoja zetu. Watengenezaji walimpa bikizee jina, kazi na silaha. Ukoo na maisha yake ya nyuma ukivitafuta, unakuta mistari michache tu.

Ukubwa una gharama yake

Ubishi wa pili ulikuwa juu ya ramani. Magemu haya yanajaza ramani alama za kufuata: hapa komboa mtaa, pale iba siri, kule shindana. Saa ya kwanza inafurahisha. Saa ya ishirini unafanya kazi ile ile kwa kubadilisha mtaa.

Si lazima iwe hivyo. Mwaka 2002 Sony ilitoa The Getaway, gemu la PlayStation 2 lililojengwa juu ya mitaa halisi ya London. Halikuweka ramani pembeni mwa kioo. Taa za ishara za gari lako ndizo zilizokuonesha ukate kulia au kushoto. Ukijeruhiwa, unaegemea ukuta mpaka upate nafuu. Wengi waliona tabu, ila macho yalibaki barabarani.

Ubisoft wenyewe wamejaribu kupunguza. Assassin's Creed Valhalla ya 2020, iliyoirudisha Uingereza karne ya 9, inachukua makumi ya saa kuimaliza. Iliyofuata, Mirage ya 2023, ilifanywa fupi kwa makusudi na kuwekwa Baghdad, mji mmoja wenye watu wake, tena unaweza kuicheza kwa sauti za Kiarabu mwanzo hadi mwisho. Hapo binamu wote wawili walikubaliana: mji mdogo wenye roho ni bora kuliko mkubwa mtupu.

Na wa miaka 13?

Nyuma ya kochi alikuwa amekaa mdogo wao. Akauliza, "Mbona naruhusiwa kutazama lakini siruhusiwi kucheza?"

Kimya. Gemu lina alama ya PEGI 18. Hapa Uingereza, tangu Julai 2012, ni kosa kisheria duka kumuuzia mtoto gemu ambalo alama yake imemzidi umri, na alama hizo ni za 12, 16 na 18. Lakini sheria inaishia dukani. Mama yake ndiye aliyelinunua, akidhani ni la kuonesha vivutio vya London. Picha ya mbele ilimtosha, alama ya umri hakuitazama.

Mama alikiri kosa lake mbele ya mtoto, na sijui wazazi wangapi wangefanya hivyo. Wakaafikiana: gemu hilo lifunguliwe mdogo akishalala, naye achaguliwe lake, wakae pamoja kulitazama kabla ya kulipa.

Kisha tukatoka sote, tukashuka Edgware Road kuelekea Marble Arch. Bibi alisimama kwenye duka la matunda kununua embe. Dakika kumi baadaye alishajua muuzaji ametoka mji gani, ana watoto wangapi, na mkubwa wao anasoma nini.

Yule wa miaka 13 alimvuta kaka yake mkono. "Huyu ana maneno yake," akasema.